Kopo Chini ya Kitambaa

Nyumbani kwa Hajarah, kule Mafubira, nje kidogo ya mji wa Jinja, Uganda, siku ilianza kwa swala, chai, kisha kompyuta. Zilikuwa mbili. Moja, ya kupakata, ilikaa sebuleni, na hapo Hajarah alitengeneza kadi za harusi, kadi za kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, na vijitabu vya mazishi. Ya pili, kuukuu, ilikaa chumba cha nyuma pamoja na mashine ya kuchapishia. Hakukuwa na waya kati yao. Kazi ilipita hewani kupitia ruta, kile kisanduku kidogo cha intaneti kilichowekwa juu ya kabati la sebuleni na kufunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Katika nyumba ile kila kitu kilivishwa kitambaa: redio, televisheni, hata birika la chai. Hajarah alivifuma mwenyewe, na ole wake atakayevigusa kwa mikono michafu!

Kompyuta ya nyuma aliisimamia Faridah, binti wa marehemu kaka yake Hajarah, aliyeletwa kutoka Malukhu, Mbale, ili asome. Alikuwa rika moja na Twaibah, binti wa nyumba ile, na wote wawili walikuwa darasa la saba. Kufanana kwao kuliishia hapo. Faridah alikuwa mwepesi wa kazi. Hajarah akituma kitu tu, sauti ilitoka nyuma, "Imefika, shangazi!" na mashine ikaanza kunguruma.

"Huyu mtoto kaletwa na Mungu," Hajarah aliwaambia wateja.

Twaibah akisikia hivyo alinuna. Mbona yeye hasifiwi? Hasifiwi kwa sababu hafanyi kazi, basi! Lakini nani angemwambia hivyo akasikia? Mapenzi yake yote yalikuwa kwenye simu, ile kuukuu aliyoachiwa na baba yake, afande wa polisi aliyehamishiwa Moroto. Kila jioni alijifungia chumbani kutazama video. Chumba chake kilikuwa mwisho wa nyumba, nyuma ya kuta nene za matofali, na video zilikwamakwama hata zikamtia hasira.

Jumamosi moja, wenzake wakiwa sokoni, Twaibah alipanda kiti, akaishusha ruta na kuipeleka chumbani kwake. Aliificha ndani ya sanduku lake la bati, lile la shule, katikati ya sare zake, na waya wa umeme akaupitisha kwenye ukingo wa mfuniko. Kule sebuleni, chini ya kitambaa cheupe, aliweka kopo tupu la kakao. Ukitazama ukiwa chini, hutambui lolote. Jioni alifungua sanduku akastarehe na video zake. Mchana alilifunga, asije mtu akaona.

Sasa, bati na intaneti havipatani. Ruta iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati ni sawa na mtu anayeita huku amezibwa mdomo. Kompyuta zile mbili zikaanza kusikilizana kwa taabu. Kazi iliyokuwa ikifika kabla hujameza mate, sasa ilijikokota mpaka chai ikapoa kikombeni.

"Faridah, imefika?"

"Bado, shangazi. Imekwama katikati."

"Twaibah, wewe mrefu. Panda kiti, uizime hiyo ruta, uiwashe upya."

Twaibah alipanda, akaingiza mkono chini ya kitambaa, akaligusa kopo. "Tayari, Mama," alisema. Alifanya hivyo leo, akafanya kesho, na kila mara kopo lilikuwa la baridi vilevile.

Kisha akaja Bwana Isabirye, muuza vipuri vya pikipiki. Alikuwa amefiwa na mama yake, akaagiza vijitabu vya mazishi vyenye picha ya marehemu na nyimbo za ibada. Hajarah alikesha akivipamba. Asubuhi ya mazishi akavituma nyuma, navyo vikagoma njiani. Akatuma tena, vikagoma tena. Hakukuwa na njia nyingine, maana matundu ya flashi kwenye kompyuta ile kuukuu yalikuwa yamekufa zamani, na mashine haikukubali kuungwa na kompyuta nyingine. Bwana Isabirye alisubiri mlangoni, kofia mkononi, mpaka ndugu zake wakampigia simu kuwa jeneza limekwisha kutolewa nje. Akaondoka mikono mitupu.

Kesho yake alirudi. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Mama Twaibah," alisema, "nimemzika mama yangu, na watu hawakuwa na hata karatasi yenye jina lake. Mimi nilikuamini."

Akageuka akaenda zake. Hajarah alibaki amesimama, aibu imemjaa usoni, na aibu ile ikageuka hasira.

"Nani anakula intaneti yangu? Leo nitamjua!"

Nje, kwenye ukuta wa jirani, alikuwa ameketi Ketty, rafiki yake Faridah, akichezea simu. Hajarah alimtazama Ketty, kisha akawageukia wasichana wake. Twaibah akalikumbuka sanduku lake. Wakitafuta, wataikuta ruta! Hapo maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Mama, nilimwona Faridah akimpa Ketty nywila."

"Mimi?" Faridah alishtuka. "Wallahi, shangazi, sijampa mtu yeyote!"

"Usiniapie! Nimekulisha, nimekuvisha, nawe unagawa riziki yangu ukutani? Funga nguo zako. Unarudi kwa bibi yako."

"Shangazi, mtihani wa darasa la saba umekaribia. Jina langu limeandikishwa hapa. Mbale hawatanipokea."

"Utaufanya mwaka ujao, hukohuko!"

Faridah alikusanya nguo zake huku akilia bila sauti. Mlangoni alisimama mbele ya Twaibah. "Twaibah, nakuomba, sema kweli." Twaibah akatazama vidole vya miguu yake. Neno moja tu lingetosha kumrudisha mwenzake ndani, naye akalimeza.

Siku ya mtihani, kila dawati lilibandikwa namba ya mtahiniwa. Dawati la mbele ya Twaibah lilikuwa na namba ya Faridah. Msimamizi aliita jina lile, akanyamaza, akaita tena, kisha akaweka alama kwenye karatasi yake na kuendelea. Twaibah alisoma swali la kwanza mara nyingi bila kulielewa. Hata hapo, jamani, hata hapo, alirudi nyumbani akakaa kimya.

Nywila ilikuwa imebadilishwa siku ileile Faridah alipoondoka. Ketty hakupita tena karibu na ukuta. Lakini kompyuta ziliendelea kujikokota vilevile, na Hajarah ikambidi apeleke kazi zake mjini Jinja zikachapishwe huko. Jambo hilo lilimkera akilini. Mwizi amefukuzwa, mbona wizi upo palepale?

Likizo ilipofika, aliamua kuchunguza kwa utulivu, jambo alilopaswa kulifanya tangu mwanzo. Aliketi na kompyuta yake magotini, macho kwenye ile alama ndogo inayoonyesha kwamba intaneti imeshika.

"Twaibah, izime ruta, uiwashe."

Twaibah akapanda kiti kama kawaida yake. "Tayari, Mama."

Hajarah hakuondoa macho. "Umeizima?"

"Ndiyo, Mama."

"Ruta ikizimwa, alama hii hupotea. Mbona haijatikisika? Shuka."

Alipanda mwenyewe. Akakiinua kile kitambaa chake cheupe, akabaki amelishika kopo la kakao, analigeuzageuza kana kwamba hajapata kuona kopo maishani mwake. Kisha akabeba kompyuta yake, akaifuata alama ya intaneti chumba hadi chumba. Ilizidi kupata nguvu kila alipokaribia mwisho wa nyumba. Akafungua sanduku la bati. Katikati ya sare, ruta ilikuwa ya moto, taa zake zinametameta.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema polepole. Akaketi sakafuni. "Banange, jamani! Na yule mtoto nimemfukuza."

Twaibah akapiga magoti, akalia, akaeleza yote. Mama yake hakumpiga. Alisema tu, "Vaa. Tunakwenda Mbale."

Bibi Khainza, mama yake Hajarah, aliwapokea Malukhu kwa heshima lakini bila tabasamu. Faridah alikuja kutoka dukani alikokuwa akiuza sabuni tangu arudi. Alipiga magoti akamsalimu shangazi yake, akaleta chai, akamkaribisha Twaibah kama anavyokaribishwa mgeni. Hilo lilimuuma Twaibah kuliko tusi.

"Nisamehe, Faridah. Ni mimi. Ruta nilikuwa nayo mimi."

"Nilijua kuwa si mimi," Faridah akajibu. "Wengine ndio hawakujua."

Hajarah naye akapiga magoti, mtu mzima mbele ya mtoto, akaomba radhi. "Rudi nyumbani, mwanangu. Mwaka ujao nitakuandikisha upya."

Faridah alitazama kikombe chake. "Nimekusamehe, shangazi. Nimemsamehe na Twaibah. Lakini sirudi. Nikirudi, kila kitu kikiharibika nitatetemeka. Ukipenda, niandikishe hapa, nisome nikiwa kwa bibi."

Hajarah akakubali, maana hakuwa na la kudai.

Waliporudi Mafubira, Hajarah aliiweka ruta juu ya kabati, wazi, bila kitambaa. Alimwita Twaibah akamketisha karibu naye.

"Sikiliza, mwanangu. Uongo wako ulikuwa mdogo, hata kopo lilitosha kuuficha. Mimi niliukuza kwa hasira. Ningeinua kitambaa kabla ya kunyoosha kidole, Faridah angekuwa darasa moja nawe. Kwa hiyo tumekosa wote wawili, wewe kwa kusema uongo, mimi kwa kuhukumu bila kuchunguza. Ruta ukiizima ukaiwasha, inarudi ilivyokuwa. Binadamu harudi hivyo. Ukweli useme mapema, wakati bado unaweza kumwokoa mtu. Ukichelewa, unabaki wa kuombea msamaha tu."

"Nimesikia, Mama."

"Haya, nenda nyuma ukapokee kazi."

Twaibah akaketi kwenye kiti cha Faridah. Hajarah akatuma kadi ya harusi, nayo ikafika papo hapo, kama zamani. Kule sebuleni mama yake alikuwa ametega sikio.

"Imefika, Mama," Twaibah akasema.

Mashine ikaanza kunguruma, na Twaibah akazipanga karatasi moja juu ya nyingine huku machozi yakimtoka.