Rideau ya Mulopwe

Hii haikupata jirani. Ilipata mutoto yangu Numbi, na mpaka leo iko inaniuma.

Ilikuwa samedi, jumamosi, saa sita ya muchana, jua kali, Chaussée de Wavre, barabara ya Bruxelles, imejaa batu na bifurushi bya sombe, majani ya mihogo. Nilikuwa naenda ku appartement ya Mwenze, ndugu ya marehemu bwana yangu. Mwenze njo mulopwe, mufalme ya kwetu. Mulopwe ya ghorofa ya tatu! Baba yao, ule mwenye alikosaka kidole gumba ku mukono ya kuume, alikufa kule kwetu. Mwenze akarisi kiti na ngozi ya chui, akaleta byote Bruxelles, salon ikageuka ikulu. Kuingia, magoti. Kukula, anakula nyuma ya rideau, pazia, muntu asimuone. Na mupishi wake haolewe. Neuf ans, miaka tisa, mupishi alikuwa Numbi, aliinama pale. Bachumba babili bakachoka, bakaenda.

Famille ikasema: basi! Dimanche, jumapili, tunaingia wima, tunashusha ile ngozi ku mur, ku ukuta. Mi sikungoja dimanche. Nilienda kukamata mutoto yangu.

Papa Sylvestre, mutumishi ya Mwenze, akanizuia ku mulango.

— Maman, piga magoti.

— Magoti yangu iko na arthrose, na kichwa yako iko na bujinga. Toka!

Numbi alikuwa ametoka kuingiza sahani. Nyuma ya rideau muntu alikuwa anatafuna. Polepole. Kama muntu mwenye hana haraka na jasho ya batoto ya wengine. Hasira ikanipanda. Nikavuta rideau.

Kiti ilikuwa tupu.

Mwenze alikuwa chini, mu kona, amekonda, mifupa mitupu, amefunika uso. Na kutafuna haikusimama.

— Yaya, dada yangu, funga, akanong'ona. Mi sijakulaka hapa hata siku moja. Nakulaka biscuits mu bafu. Huyu ni papa, ule marehemu.

Nikaangalia bukari, ule ugali ku sahani. Tundu quatre. Za bidole nne; ya kidole gumba, hakuna.

— Neuf ans! Mutoto yangu anapikia mufu, na we ulijua?

Akalia. Nikakamata Numbi mukono, tukashuka ngazi mbio.

Dimanche famille ikakuta mulango wazi. Ngozi iko ku mur. Mwenze, hakuna.

Kesho yake, lundi, saa sita, nikapika bukari kwangu, nikafunika. Mi na Numbi tulikuwa ku balcon, tunaanika nguo. Batu babili tu mu nyumba. Tukarudi, nikafunua.

Tundu quatre.

Numbi akaanza kukunja magoti.

— Simama! nikamupigia kelele. Simama, mutoto yangu! Hapa hakuna ikulu!

Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya ile sahani, macho wazi.

— Kula basi, mukwe. Kula nikuone.

Bukari inatoa moshi. Numbi amesimama nyuma yangu, wima. Sikugeuka. Sikupumua. Macho ikaanza kuniwaka. Nikapepesa mara moja tu.

Tundu zilikuwa nane.