Kamba Tupu ya Dobi

Dobi alikuwa mcheshi tangu zamani, lakini mkewe alipojifungua, furaha yake ilizidi kipimo. Mchana alifua na kupiga pasi nguo za watu. Jioni alifua nepi za binti yake mchanga, waliyembandika jina la Mgeni, akazianika uani. Kamba ilijaa mpaka ikalegea.

Siku moja Mgeni aliamka na joto mwilini. Alinyonya kidogo, akalala kutwa nzima. Jioni Dobi alitazama beseni, akakuta nepi moja tu, tena yenye unyevu kidogo.

"Mama Mgeni, mwanao ameanza kunihurumia," alitania. "Leo napumzika!"

"Amelala tu," mkewe alijibu. "Labda joto likishuka atanyonya."

Jirani yao alikuwa nesi. Kila akitoka kazini alipita uani pale, akiinama chini ya nepi. Jioni hiyo alipita wima. Akasimama.

"Shemeji, nepi za Mgeni ziko wapi?"

"Hakuna! Binti yangu anajua baba kachoka."

Nesi hakucheka. Aliingia ndani, akamgusa mtoto, akamtekenya nyayo. Mgeni alifumbua macho kwa shida, akayafumba tena.

"Ana homa, hanyonyi, hakojoi. Twende hospitali sasa hivi."

"Tusimpe maji kidogo kwanza?" mama aliuliza.

"Hapana, mdogo wangu. Kichanga hapewi maji wala dawa za kuchemsha. Figo ndizo zinazosafisha damu na kutoa uchafu kwa mkojo. Mtoto mchanga akiugua, figo zake hudhurika upesi. Ukiona nepi kavu, usingoje kesho."

"Mwanangu anaumwa, mimi nashangilia beseni tupu," Dobi alisema, machozi yakimlengalenga.

"Hukujua, shemeji. Chukua shuka, twende."

Hospitalini damu ya Mgeni ilipimwa mara moja.

"Ana maambukizi, na figo zimeanza kushindwa," daktari alisema. "Lakini mmeziba ufa, hamkungoja kujenga ukuta. Ila msitegemee nepi peke yake. Wako watoto wanaokojoa kama kawaida, kumbe figo zinaumwa. Ndiyo maana kichanga mgonjwa tunampima damu."

Mgeni alipewa dawa, na maji ya mshipani kwa kipimo, yasipungue wala yasizidi. Kila nepi ilipimwa uzito ikiwa kavu, kisha ikapimwa tena baada ya kuvaliwa, ili mkojo ujulikane.

"Hapo nimeelewa," Dobi alisema. "Nguo mbichi haifichi uzito."

Siku zilizofuata hakubanduka kwenye mizani. Asubuhi moja muuguzi wa zamu aliweka nepi juu yake, akatabasamu. "Hii nzito!"

Dobi aliomba aishike. Aliipokea kwa mikono miwili, akamwonyesha mkewe, wote wawili wakacheka huku wanalia. Damu ilipopimwa tena, figo zilikuwa zinapona. Baadaye waliruhusiwa kwenda nyumbani, wakapangiwa siku ya kurudi kupimwa.

Kamba ikajaa upya. Jioni nesi alitoka kazini, akainama kupita. Tone la maji likamdondokea shingoni.

"Shemeji, nepi zako zinaninyeshea!"

Dobi aliinua uso kutoka kwenye beseni lililofurika, povu mpaka viwikoni.

"Zinyeshe tu, shemeji," alisema. "Zinyeshe."