Maji Yaliyoanzia Studio

Sogeeni mbele, ndugu zangu, msiache viti vitupu kati yenu. Mwenye simu na aizime. Mwenye mtoto na ampakate. Na yule mwenye ufunguo wa gari mfukoni na autoe aushike mkononi ninapozungumza, maana neno la leo linaanza na yeye. Haya yalimpata jirani yangu, ukuta kwa ukuta, wala sikuyaokota njiani.

Alikuwa mpiga picha za harusi, mtu wa maneno matamu, ambaye angeweza kumfanya hata bibi aliyefiwa atabasamu mbele ya kamera. Nyumba yake ilikuwa na korido ndefu ya saruji iliyong'arishwa. Vyumba vya kulala vilikuwa ubavuni, na studio ilikuwa mwisho kabisa, mlango wake ukifungwa kwa kufuli. Mkewe alifundisha chekechea. Mdogo wa mkewe, binti mshonaji, alikuwa akimshikia taa siku za kazi. Waliitana shemeji na kutaniana asubuhi hadi jioni.

Asubuhi ya siku yenyewe walikuwa wakicheka. Binti alikagua tairi za gari, akamwambia shemeji yake kwamba zimependeza kama viatu vya mkopo. Alikuwa amekaribia ukweli kuliko alivyojua. Tairi zile zilikuwa zimekwisha, kipara kitupu, na mpiga picha alikuwa amezipeleka kwa fundi mmoja aitwaye Kisu, anayepasha wembe moto na kuchonga mifereji mipya ndani ya mpira mkuukuu. Tairi hurudi ikiwa nzuri machoni, lakini mfereji hauna kina, na maji hayana pa kukimbilia. Kisu mwenyewe alimwonya asizikimbize kwenye mvua. Jirani yangu alimjibu kwamba yeye achonge tu, ulinzi ni wa Mungu.

Sikieni hapo, wapendwa. Kuna watu humtaja Mwenyezi pale tu wanapotaka kukwepa gharama.

Adhuhuri mvua ilinyesha. Walikuwa wamechelewa harusini. Mbele yao barabara iliinama kidogo, na bondeni palikuwa na maji yaliyotulia, yaking'aa kama kioo cha mezani. Binti aliyaona.

"Shemeji, punguza," alisema.

Hakupunguza. Kelele ya lami ikakatika ghafla. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwake, mwepesi kama wa gari la kuchezea, akauzungusha huku na huku na gari lisisikie. Lilikuwa limepanda juu ya maji. Lilielea kwa ubavu, kimya, mpaka ukuta wa kalavati ukalipokea upande wa binti.

Yeye alitoka na mchubuko wa paji la uso. Binti alivunjika nyonga na uti wa mgongo. Alipozinduka hospitalini siku nzima ile ilikuwa imefutika kichwani mwake, tangu chai ya asubuhi. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na miguu haikuwa na habari tena.

Ndipo jirani yangu alipoulizwa na askari wa usalama barabarani kilichotokea. Mnamkumbuka yule mtu wa kwanza, aliyeulizwa bustanini kuhusu tunda? Alimnyoshea kidole mwanamke aliyekuwa kando yake. Na huyu naye akasema: binti aliogopa maji, akaunyakua usukani.

Siku ileile, kabla mkaguzi wa bima hajafika kwenye yadi lilipovutwa gari, yeye na Kisu walizifungua tairi zilizochongwa, wakafunga nyingine nzuri. Zile mbovu alizipeleka studio, akazilaza nyuma ya pazia la kupigia picha, kama yule askari wa Maandiko aliyefukia nyara chini ya hema lake akidhani mbingu hazina macho.

Mke alimtafutia mdogo wake wakili. Wakili aliketi sebuleni kwao, akaeleza kwa upole kwamba abiria aliyeumizwa na uzembe wa dereva ana haki ya fidia, hata kama dereva ni ndugu yake. Mvua peke yake haimwokoi aliyeona maji asipunguze mwendo, sembuse anayejua tairi zake zimekwisha. Lakini abiria akithibitika kuwa ndiye aliyeunyakua usukani, dai lake linakufa. Kwa hiyo matibabu ya binti, kiti chake cha magurudumu na maisha yake yote yaliyobaki yalining'inia kwenye mdomo wa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa akikoroga chai isiyokuwa na sukari.

Binti aliletwa nyumbani, akalazwa chumba cha kwanza kutoka mlangoni. Aliamini alichoambiwa, na kila shemeji yake alipopita, alimwomba radhi.

"Nisamehe, shemeji," alisema. "Ningetuua wote wawili."

Naye alimsamehe. Ndugu zangu, alimsamehe! Alimshika mkono akamwambia yamepita.

Wiki ile maji yakaanza.

Mke ndiye aliyeyaona kwanza, alasiri ya jua kali, mvua ilikuwa imeshakatika siku nyingi. Utepe wa maji ulilala kwenye korido, upana wa tairi, kingo zake zimenyooka kama zimepigwa rula. Aliufuta. Kesho yake ulikuwepo. Mpiga picha alisema ni bomba. Fundi bomba akaja, akagonga kuta, akaondoka akitikisa kichwa. Mpiga picha akamshuku mkewe, kwamba anamwaga maji makusudi ili amchokonoe. Akajificha nyuma ya mlango wa jikoni kumvizia. Mkewe hakufika. Ila aliisikia sauti, ndogo, ya mpira ukikanyaga lami iliyolowa, ikimpita polepole mbele ya magoti yake.

Na sakafu ikabaki imelowa.

Tangu hapo akawashuku wote. Alimshuku wakili, aliyezoea kumtazama viatu. Alimshuku binti, kwamba labda amekumbuka na anajifanya. Zaidi ya wote alimshuku Kisu, akamfuata kazini kumuuliza ni mganga gani amemtuma.

"Bosi, mimi nachonga mpira," Kisu alisema. "Sichongi sakafu za watu."

Vijana wa pale wakacheka. Kisu hakucheka. Alikuwa akitazama vumbi la uwanja nyuma ya mgeni wake. Viatu vya mpiga picha vilikuwa na soli ya mabonde mabonde, lakini hapakuwa na nyayo. Palikuwa na mburuzo mmoja laini tangu getini mpaka pale aliposimama. Kisu akamwomba kwa sauti ya chini aondoke, na asiguse kitu chochote akitoka.

Nyumbani vitu vilianza kuwa vyepesi. Kitasa kilizunguka bila kushika. Kikombe kiliteleza mkononi kikiwa kikavu. Kati yake na kila alichogusa palikuwa na kitu chembamba, baridi, kisichoonekana. Hata mkewe alipomshika bega aliuondoa mkono haraka, akaufuta kwenye kanga.

"Nimefikiria sana," mkewe alisema, bila kumtazama. "Bomba likivuja, maji yangeanzia bafuni. Haya yanaanzia studio. Na kila siku yanasogea. Yanaelekea kwa mdogo wangu. Huko studio umeweka nini?"

Mume akaenda kuhakikisha kufuli ya studio imefungwa.

Siku iliyofuata wakili alileta hati kutoka kwa watu wa bima. Binti akiisaini, anakubali kwamba alijiumiza mwenyewe, na shauri linafungwa. Wakili alisita, akasema atasubiri sebuleni. Jua la mchana liliingia mpaka katikati ya korido. Mpiga picha alisimama mlangoni pa studio na hati na kalamu mkononi. Utepe ulikuwa umefika kizingiti cha binti. Hakuwahi kuuona umefika pale.

Sauti ya mpira ikaanza. Safari hii haikuwa ndogo.

Akapiga hatua. Sakafu haikumshika. Akapiga nyingine. Miguu ikaenda, mwili ukaenda, hakuna kilichokanyaga. Akashika ukuta. Ukuta ukateleza. Alikuwa akielea kwa ubavu, kimya, kuelekea chumba cha kwanza, kuelekea kitanda. Mlango ulikuwa wazi. Binti alikuwa ameketi, macho meupe, hayamwoni.

"Shemeji," alisema kwa mnong'ono. "Punguza."

Neno ambalo duniani alilikumbuka mpiga picha peke yake.

"Hukuushika!" alipiga kelele. "Hukuushika usukani. Uliniambia nipunguze. Ni mimi. Tairi ziko nyuma ya pazia."

Unyayo wake ukashika saruji. Alisimama shibiri moja tu kutoka kitandani. Mlangoni alikuwa mkewe, na nyuma yake wakili, na wote walikuwa wamesikia. Binti alipepesa macho, akauliza kwa nini shemeji analia.

Bima ilibanwa, ikalipa. Mpiga picha alishtakiwa kwa uzembe na kwa kuficha ushahidi, akatumikia kifungo chake, na mkewe alimpelekea chakula kila Jumapili. Huruma haifuti deni la haki, lakini humletea mfungwa chakula.

Ila kuna jambo moja halijaelezwa. Siku alipokwenda kituoni kukiri, askari alimpaka wino aweke dole gumba chini ya maelezo yake. Alama ilitoka nyeusi, mviringo, laini. Haikuwa na mstari hata mmoja. Askari akamfuta, akarudia. Akajaribu vidole vyote.

"Unafanya kazi ya saruji?" askari aliuliza.

"Napiga picha."

Daktari hakuona kovu wala alama ya kuungua. Mistari ya vidole vyake ilikuwa imekwisha tu, kipara. Karatasi ile ipo kwenye jalada hadi leo, na hakuna aliyeweza kusema alama zile ni za nani.

Basi wewe uliyeshika ufunguo. Ukitoka hapa, inama uzikague tairi zako. Ukimaliza, jikague na wewe. Kama kuna mtu amelala mahali akiomba radhi kwa kosa lako, usisubiri sakafu ikukatae. Nenda kwake leo. Piga magoti, useme ni wewe.