Beringi Iliyooshwa

Beringi mbovu huvuma gari likiwa mwendoni. Hii ilivuma gari likiwa juu ya jeki, saa nne asubuhi, gurudumu limetulia tuli na fundi ameketi sakafuni akitafuta spana.

Alidhani ni masikio yake. Mtu aliyehangaika miezi minane ana haki ya kusikia chochote. Gari lilikuwa la baba mkwe wake, lilimzidi fundi umri, na beringi ya gurudumu la mbele ilikuwa imekufa kabisa. Madukani walimcheka. Aliyekuwa nayo mpya alitaka bei ya injini nzima. Ya trela ilipwaya, ya pampu ya maji ikagoma kuingia. Na mzee alikuwa kitandani, kifua kimekwisha, akiomba kitu kimoja tu: azungushwe mtaani katika gari lake kabla hajafa. Fundi alikuwa ameahidi, na mzee alikuwa anaisha kama sabuni.

Ndipo muuza vyuma chakavu, waliyemwita Kibogoyo, akamtolea beringi kuukuu iliyofungwa kitambaani, kwa bei ya chee.

"Ila usiioshe," alimwambia. "Aliyemo humo amelala. Hiyo grisi ndiyo shuka lake."

Fundi akacheka. Tangu lini fundi mwenye akili zake akafunga beringi kuukuu bila kuiosha? Grisi chafu huficha ufa. Hilo alifundishwa kabla hajaota ndevu. Akaitumbukiza kwenye mafuta ya taa, akaisugua mpaka ikang'aa, akaijaza grisi mpya. Karakana ikanuka nywele zilizoungua, akadhani jirani anachoma taka.

Sasa alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha katikati ya gurudumu na mpini sikioni, kama mafundi wanavyosikiliza. Kuna mtu alikuwa anapumua.

"Nimechoka mimi," fundi alijisemea.

"Hata mimi," sauti ikajibu kupitia mpini. "Nimechoka kukaa kwenye chuma."

Bisibisi ilimdondoka. Mkewe alimkuta hivyo, mgongo ukutani.

"Baba Watoto, twende. Baba leo hapumui vizuri. Akilala tena haamki."

"Gurudumu lina mtu," alinong'ona. "Niliambiwa nisiioshe, nikaiosha."

"Lina mtu? Jana ulisema halina beringi." Lakini aliokota bisibisi, akasikiliza, na mzaha ukamtoka usoni. "Ukiitoa, utapata nyingine lini?"

Fundi alilitazama gurudumu. Alikuwa amechoka kutafuta, amechoka hata kuogopa.

"Basi mara moja tu," mkewe alisema. "Azunguke, kisha uitupe mbali."

Wakamweka mzee kiti cha mbele, wakamfunika blanketi. Gari lilipoanza kutembea uvumi ulipanda kutoka gurudumuni, ukapita kwenye usukani mpaka mikononi mwa fundi, ukawa kama watu wengi wanaoguna nyuma ya mlango, na ile harufu ikajaa ndani, na mkewe kiti cha nyuma akawa anamshika bega akisema polepole, polepole, na fundi hakuthubutu kumtazama mzee ambaye kichwa chake kilikuwa kimeanza kuyumba kwa kufuata mzunguko wa gurudumu. Kisha, kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumbani, kila kitu kikanyamaza.

Gari likateleza laini kama jipya. Fundi nusura alie kwa furaha.

Mlangoni mzee alishuka mwenyewe, bila kushikwa, naye hakuwa ameshika hata kijiko tangu mwezi uliopita. Bintiye akamkumbatia huku akicheka na kulia, halafu akaganda, sikio likiwa kifuani mwa mzee.

"Baba Watoto," alisema taratibu. "Lete bisibisi."

Fundi akaweka ncha kwenye kifua cha mkwewe na mpini sikioni. Alisubiri pigo la moyo. Hakulisikia. Mlikuwa na uvumi tu, mzito, unaozunguka bila kupumzika.

Mzee alimtazama kwa upole, akanyoosha mkono kuelekea garini.

"Hapa pazuri kuliko kwenye chuma," alisema. "Ila usinioshe."