Ukurasa wa Mtaa wa Calumet

Siku sensa ya mwaka 1940 ilipofunguliwa kwa umma, baada ya kufungiwa kisheria miaka sabini na miwili, maktaba ya kusini mwa Chicago ilifurika watu kama kanisa siku ya Pasaka. Renita Boykin alikuwa amewahi kiti cha dirishani, na mkoba wake ameuweka kwenye kiti cha pili ili asikae mtu. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mtoto wa pekee wa mama aliyekwisha kufa, na alishazoea viti vitupu.

"Dada, huo mkoba nao unamtafuta babu yake?"

Aligeuka. Mwanamume mrefu, suti ya kahawia iliyonyooka kwa pasi, kofia mkononi. Renita akajikuta amecheka.

"Unatafuta utulivu. Kaa, lakini usinisemeshe."

"Clifton Treadwell," alisema, akaketi, akamsemesha saa tatu nzima.

Majina yalikuwa hayajapangwa. Ulichagua mtaa kwenye kompyuta, ukapekua ukurasa mmoja mmoja. Clifton alikuwa akimtafuta babu yake, Hosea Treadwell, wala hakujua aliishi wapi mwaka ule; shangazi yake mzee alikumbuka tu kwamba walikuwa wakihamahama. Renita alimtafuta mama yake, Ottie Lee, aliyekulia kituo cha yatima, asiyejua hata jina la ukoo wake. Marehemu alikumbuka jambo moja tu, kwamba kabla ya kituo aliishi kwenye nyumba yenye watoto, Mtaa wa Calumet. Na mtaa huo unakata kusini yote ya mji. Mtafutaji hachoki, na Renita alikuwa ametafuta miaka kumi na mmoja.

Wakawa wanakutana kila jioni baada ya kazi. Clifton alileta pai ya viazi vitamu, wakaila kwa siri nyuma ya rafu. Asiyekuja alipigiwa simu.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula kurasa arobaini."

"Tema, ule wali. Na ukimpata mama yako, utafanya nini?"

"Nitakuwa na watu, Clifton. Kila mtu ana watu."

"Mimi si mtu?"

"Wewe ni maradhi," alisema, na alipokata simu alikuwa bado anatabasamu. Alimpenda, na kupenda ukubwani kulimtia hofu.

Jumamosi moja ya mwezi Mei, Clifton akiwa kazini, ukurasa ukajitokeza. Hosea Treadwell, mkuu wa kaya, mfanyakazi wa machinjio. Mattie, mke. Verlene, binti, miaka minane. Ottie Lee, binti, miaka minne. Roosevelt, mwana, miaka miwili.

Roosevelt ndiye baba yake Clifton.

Renita aliuchapa ukurasa ule, akarudi nyumbani kwa miguu, koti kaliacha kitini. Watu wake amewapata, na watu wenyewe ndio Clifton. Watoto wa ndugu, babu mmoja, na sheria ya kule hairuhusu hao kuoana. Alichomwomba Mungu miaka kumi na mmoja alikuwa amepewa, naye akatamani kukirudisha.

Hakupokea simu tena. Akisema, Clifton angekuwa binamu milele. Akinyamaza, angalau moyoni alibaki wake. Ujumbe ukaja: "Ni ile pai? Imekuumiza tumbo?" Ukaja mwingine: "Sijui kosa langu, lakini nisamehe." Kisha kimya. Renita alikula peke yake, redio imewashwa ili nyumba ionekane ina mtu.

Siku ya kumi na tisa mlango ukagongwa. Clifton alisimama ngazini, shati limekunjamana.

"Kama kuna mwanamume mwingine niambie, nikaugulie kwangu."

"Hakuna."

"Sasa nini?"

Renita akampa karatasi. Clifton aliisoma, akaketi kwenye ngazi taratibu, akaisoma tena.

"Nani aliyejibu maswali?" akauliza.

"Unasemaje?"

"Karani aliagizwa aweke alama ya duara mbele ya jina la mtu aliyemjibu. Hapa hakuna duara. Hakuna aliyekuwa nyumbani, Renita. Kaulizwa jirani."

Renita alimpokonya karatasi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Clifton alama ile, wiki ya kwanza. Lakini jicho likishaona jina la mama, haliangalii pembeni.

"Jirani anaweza kusema kweli," alisema kwa sauti ndogo.

"Anaweza. Ila shangazi Verlene alikuwepo, na yu hai."

Alipiga simu pale pale, akawasha spika ili wote wasikie.

"Shangazi, shikamoo. Kwenu Calumet, Ottie Lee alikuwa nani?"

"Ottie! Yule mtundu?" Bibi wa miaka themanini alicheka hadi akakohoa. "Mtoto wa mpangaji wetu wa chumba cha nyuma. Mama yake, Queen Esther Gaddis, alikuwa akifua hospitalini, hata majirani hawakumjua kwa kutoka alfajiri. Mtoto tukashinda naye sisi. Sote tulimwita mdogo wetu. Tulipohama, nililia wiki nzima. Mbona nasikia mtu analia hapo?"

Clifton alikuwa ameshasimama, uso umefunguka kwa furaha. Kisha akamwona Renita.

"Laazizi, si ndugu yangu wewe! Unalia nini?"

"Bibi yangu ana jina," Renita alisema. "Lakini siku kumi na tisa hizi, Clifton, nilikuwa na mama mkubwa. Sasa sina tena."

Clifton alimshika mikono yote miwili.

"Renita Boykin, damu imekataa. Unaonaje tukijaribu ndoa?"

Simu ilikuwa bado wazi. Bibi kule alikuwa amebana pumzi asikie.

"Ndiyo," Renita alisema, akipangusa machozi kwa kiganja. "Ndiyo. Lakini kwanza mwambie shangazi asikate simu."