Kolibri, Bakteria na Mama Aicha

Upepo wa Kolwezi ulichanganya karatasi za wateja wawili kwenye kibanda cha fotokopi, katikati ya makelele ya soko. Mwanvua, mtoto wake Aicha mgongoni, kitenge cha njano kimemkaa sawasawa, aliokota picha ya kitu kama soseji.

"Hii njo nini, tata?"

"Bakteria, mama. Anaishi mu maji ya choo." Aruna, dereva wa lori la mgodi wa Tenke, alivaa shati jeupe lisilo na chembe ya vumbi. "Na yako?"

"Kolibri koo-jekundu. Ndege wa Amerika."

Kumbe walisoma darasa moja la jioni, Mwanvua benchi la mbele, Aruna la mwisho. Mwalimu Domitille alitaka viumbe wawili walinganishwe mbele ya darasa. Wakaungana, na Aruna akaanza kumpigia Mwanvua simu usiku.

"Umelala, sukari?"

"Nitalala namna gani, na weye unanipigia?"

Jioni moja Aruna akacheka simuni. "Nimeipata. Kolibri njo miye. Bakteria njo weye."

Mwanvua akakata simu. Tangu amzae Aicha bila mume, majirani walimwita maji machafu. Sasa hata huyu! Hakupokea tena.

Siku ya kusoma kazi alikaa karibu na mlango. Likimtoka Aruna neno moja baya, atabeba mtoto wake na mapenzi yaishie hapo.

Aruna alisimama peke yake, jasho shingoni.

"Kolibri anapiga mabawa kutwa, anafuata sukari ya maua. Njo miye na barabara zangu. Bakteria huyu anabaki pale watu wote wametupa uchafu. Anakula sumu polepole, samaki banapona. Namujua mutu wa namna hiyo. Analea mutoto, anasoma, na hakuna anayemupigia makofi."

 Mwanvua akaenda mbele, akachukua chaki.

"Mwalimu, amesahau kitu. Bakteria huyu bila hewa anakufa." Akamtazama Aruna. "Na mabawa njo yanaleta hewa."

Makofi yakatikisa mabati. Mwalimu Domitille naye akapiga.

"Nitume mujomba wangu kwenu kuposa?" Aruna alinong'ona mlangoni.

"Mutume kesho. Umwambie nina mutoto, na atakaa mbele mu lori, katikati yetu."

Aruna akanyoosha mikono. Aicha akaenda mwenyewe.