Uzio Unaopitisha Maji

Douwe Hoekstra alifuga kondoo huko Frisia, nyuma ya tuta linalozuia bahari. Kila asubuhi aliwavusha tuta wakale majani ya ufukweni. Mwaka ule ofisi ya maji ilisema mawimbi yamezidi nguvu, hivyo miaka kadhaa ijayo tuta litapanuliwa. Nyumba yake, alimozaliwa yeye na baba yake, ingebomolewa.

Binti yake Jeltje, mhadhiri wa uhandisi wa pwani, alikuja na buti zake za tope.

"Baba, majani marefu huvunja nguvu ya mawimbi. Ufukwe ukiinuka, huenda tuta lisipanuliwe. Lakini kondoo wako wameyala mpaka mizizi."

"Sasa wale nini, vitabu vyako?"

"Wale huku karibu na tuta. Kule mbele weka uzio wa matawi, unase tope."

Douwe alicheka, lakini aliipenda mno nyumba yake. Akachomeka nguzo mbili mbili topeni, akashindilia matawi katikati hata panya asipite. Watu wa kule wamezoea kuyafungia maji kila ufa. Dhoruba ya kwanza ikaung'oa uzio wote.

"Haya, Daktari wa Matope," alimwambia bintiye kwa uchungu. "Elimu yako ile, inaelea."

"Umejenga ukuta, Baba. Wimbi likigonga ukuta, huchimba chini yake. Legeza matawi. Maji yapite polepole, yatulie, yaache tope. Na acha mapengo, maji yatokee humo."

"Niiachie bahari mlango?"

"Ndiyo. Inakuletea udongo wa bure."

Mkewe Baukje alimkabidhi koleo. "Kajenge upya. Mimi sihami."

Akajenga. Tope likapanda kidogo kidogo, kisha likaota majani. Kufikia mwaka wa sita, mawimbi yalifika kwenye tuta yamechoka. Wapimaji wa ofisi ya maji walipima kipupwe kizima, kisha wakaja na uamuzi: hapa tuta halipanuliwi. Nyumba inabaki.

Douwe alijikaza asilie, akashindwa.

"Nani alikufundisha kazi hii, mzee?" mpimaji mmoja aliuliza.

"Binti yangu. Ijumaa anavishwa joho la uprofesa. Karibuni nyote," alisema Douwe akijipangusa uso. "Ila mkae nyuma. Viti vya mbele ni vyangu na mama yake."